Je, Tusi la Mchezo ni Tusi la Kweli?



Wazazi kadhaa wametuuliza sisi mashemasi juu ya mchezo wa mbio za magari katika telefoni. Wengi mmeuona. Vijana wanaunganisha telefoni zao, wawili, wanne, hata zaidi, na kila mmoja anaendesha gari lake katika kioo kidogo. Wengine wananunua mega na kushindana na watu wa mbali, wa Goma, wa Lubumbashi, hata wa Ulaya, ambao hawajawaona kwa uso. Mchezo unaanza kwa kicheko. Kisha mmoja anasema: «Umenigonga makusudi.» Mwingine anajibu: «Mwongo wewe, sikukugusa.» Kutoka hapo maneno yanapanda kama maji ya Lualaba wakati wa mvua, na jioni nyumba mbili za avenyu moja hazisalimiani.

Juu ya jambo hili nimesikia majibu mawili. La kwanza linasema: «Acheni vijana, huo ni mchezo tu. Gari si la kweli, barabara si ya kweli, basi hata tusi si la kweli.» La pili linasema: «Hizo telefoni zote ni kazi ya Shetani, ziondolewe.» Majibu haya mawili ni mepesi mno. La kwanza linasahau mtu, la pili linasahau moyo, kwa maana watu waligombana tangu Kaini na Abeli, wala hapakuwa na telefoni shambani. Basi tuangalie jambo lenyewe taratibu.

1. KILA MMOJA ALIONA NINI?

Kwanza ni lazima kujua jinsi mchezo huu unavyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Watu wawili wakishindana kwa njia ya intaneti, hawaangalii kioo kimoja. Kila mmoja ana picha yake katika telefoni yake. Ninapogeuza usukani hapa Kindu, habari ya kugeuza kwangu inapaswa kusafiri kwanza hadi kwenye kompyuta kubwa inayosimamia mbio, ambayo pengine iko Ulaya, na kutoka huko hadi katika telefoni ya mwenzangu. Safari hiyo ni ya upesi sana, lakini si ya mara moja. Na rezo yetu mnaijua.

Tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linapita karibu metre 28 katika sekunde moja. Habari ikichelewa sehemu moja tu ya tano ya sekunde, gari limekwisha kusonga zaidi ya metre 5, ndiyo kusema zaidi ya urefu wa gari dogo zima. Programu inajaribu kubahatisha gari la mwenzako liko wapi, halafu inasahihisha habari ya kweli inapofika. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba katika kioo chako umegongwa, na katika kioo cha mwenzako amepita salama kando yako. Wewe unaposema «umenigonga», unasema ulichoona. Yeye anaposema «sikukugusa», anasema alichoona. Wanaitana waongo, na hakuna mwongo.

Sisi watu wa Kindu tusishangae. Simama Kasuku, ndugu yako asimame Alunguli, ng'ambo ya pili, na mtumbwi mmoja ushuke na mto katikati yenu. Wewe wa Kasuku utaapa kwamba unakwenda upande wa kushoto. Yeye wa Alunguli ataapa kwamba unakwenda upande wa kuume. Mtumbwi ni mmoja, mto ni mmoja, mashahidi ni waaminifu. Kilicho tofauti ni ukingo wanaposimama. Anayetaka kujua ukweli atauliza kwanza: «Ndugu yangu, wewe umesimama wapi?»

Kitabu cha Mezali, sura ya 18, kinatuonya kwamba mtu wa kwanza kusema maneno yake huonekana kuwa na haki, mpaka mwenzake anapokuja na kumchunguza. Kanisa letu linajua uzito wa onyo hilo. Mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu alisimamishwa mbele ya hakimu wa jeshi, wala hakupewa mtetezi. Wale waliomhukumu walitazama kutoka ukingo mmoja tu. Walihukumu kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951 katika mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Watoto wa kanisa lililozaliwa katika hukumu ya namna hiyo hawawezi kuwa wepesi wa kuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili, hata kama kesi yenyewe ni ya gari la kuchezea.

2. GARI SI LA KWELI, MTU NI WA KWELI

Sasa tufike kwenye swali la juu. Je, tusi linalotamkwa katika mchezo ni tusi la kweli?

Watu wengi duniani walijifunza jibu mwaka 2020. Wakati huo ugonjwa wa korona ulikuwa umesimamisha mashindano ya magari karibu kila mahali. Madereva wakubwa wa Marekani walikaa nyumbani mwao na kushindana kwa kompyuta, katika mchezo unaoitwa iRacing, watu wengi wakiwatazama. Katika mwezi wa Aprili, dereva mmoja mwenye jina kubwa, Kyle Larson, alikuwa akijaribu kama sauti yake inasikika, akatamka neno chafu linalotumika kutukana watu weusi. Sauti yake ilikuwa inasikika kwa wenzake wote na kwa watazamaji. Katika siku chache kampuni zilizokuwa zikimsaidia zilimwacha, na timu yake, Chip Ganassi Racing, ikamfukuza kazi.

Angalieni vizuri. Gari halikuwa la kweli, barabara haikuwa ya kweli, hata chupa moja haikuvunjika. Lakini neno lilikuwa la kweli, kwa maana lilitoka katika kinywa cha kweli na kuingia katika masikio ya kweli. Bwana wetu alifundisha kwamba kinywa hutoa kile kilichojaa moyoni. Mchezo haukuumba neno lile. Ulifungua mlango tu, na kilichokuwa ndani kikatoka.

Tuongeze jambo moja, ili tusiwe watu wa kuhukumu bila kumaliza habari. Larson aliomba radhi na kukubali kufundishwa, akaruhusiwa kurudi mwaka 2021, na mwaka huohuo akawa bingwa wa mashindano yale. Mlango wa kurudi haukufungwa, lakini aliupitia kama mtu aliyekosa, si kama mtu anayesema «nilikuwa nacheza».

Hapa kwetu, vijana wawili wa fanfari, waliozoea kupiga tarumbeta bega kwa bega, walikaa majuma kadhaa bila kusalimiana kwa sababu ya mbio moja ya dakika chache. Tuliketi nao. Kijana mwingine anayesoma informatiki aliwaeleza habari ya kuchelewa kwa rezo, kama nilivyoeleza hapo juu. Wakatazamana, wakaona kwamba kila mmoja alikuwa amesema kweli. Katika nusu saa kesi ya magari ilikwisha.

Lakini wao hawakuondoka pale wakicheka, kwa sababu kesi ya pili ilikuwa imebaki. Katika ugomvi wao mmoja alikuwa amemtukana mama wa mwenzake, na mwingine alikuwa amejibu kwa kutukana kabila. Mambo hayo mawili rezo haikuyaleta. Rezo inaweza kuchelewesha gari, lakini haiwezi kumweka mtu tusi kinywani. Kwa hiyo hapakuwa na maelezo ya fundi yanayoweza kuwasaidia. Ilibidi mmoja aende kwa yule mama na kupiga magoti, na mwingine aende kwa wazee wa jamaa aliyoitukana. Walikwenda. Ilikuwa vigumu kuliko mbio zote walizokimbia.

Msiseme kwamba ni jambo dogo. Sisi wa Maniema tuliishi vita. Tangu mwezi wa Oktoba 1998, waasi walipouchukua mji wetu, tuliona kwa macho yetu jinsi neno juu ya kabila la mtu linavyoweza kumfungulia njia mwenye silaha. Yakobo, katika sura ya tatu ya barua yake, anafananisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa. Moto huo hauulizi kama njiti iliwashwa kwa mchezo.

3. MABISHANO SI UGOMVI

Je, basi tufunge vinywa, tusibishane tena? Hapana. Hapa watu wanaotengeneza michezo hii wana jambo la kutufundisha.

Mchezo wa telefoni umeandikwa na watu. Chini ya zile picha kuna maelfu ya mistari ya maagizo ambayo kompyuta inafuata moja kwa moja. Mstari mmoja ukikosewa, gari linapenya ukuta au linaruka hewani kama ndege. Hapo mafundi wanabishana: huyu anasema kosa liko hapa, yule anasema liko kule. Wanaweza kubishana usiku kucha kwa sauti kubwa. Lakini kompyuta haiogopi mwenye sauti kubwa, wala haimheshimu mwenye diploma. Wanabadilisha mstari, wanaanzisha mchezo upya, wanaangalia. Kama gari bado linapenya ukuta, yule aliyepiga kelele zaidi alikuwa amekosea, na kila mtu ameona.

Mabishano ya namna hiyo ni mema. Yana alama tatu. Kwanza, yanahusu kazi, hayahusu mtu. Pili, kuna njia ya kujaribu na kuona. Tatu, mwenye kusahihishwa anapata faida, kwa maana mchezo wake unakuwa bora kuliko jana.

Hata katika fanfari ni hivyo. Kiongozi akimsimamisha kijana na kusema: «Noti hiyo si yenyewe, rudia», hajamtukana, amemsaidia. Lakini akisema: «Kwenu hakuna hata mmoja anayejua kupuliza», ameacha muziki na kumshika mtu shingoni. Kijana naye, kama anasikia katika kila sahihisho kwamba anaitwa mjinga, hatajifunza kamwe. Kukataa noti ya mtu si kumkataa mtu. Tukijifunza hilo tu, nusu ya magomvi ya kwaya, ya halmashauri na ya nyumba zetu yataisha.

Lakini tukumbuke pia mpaka wa dawa hiyo. Mashine inaweza kurudisha picha za mbio na kuonyesha kwamba gari liligonga gari. Haiwezi kuonyesha kama dereva alitaka kugonga. Moyo hauna picha ya kurudisha. Katika ule mchezo wa iRacing, ambao ulifunguliwa kwa watu mwaka 2008 na ambamo kila mchezaji anatakiwa kutumia jina lake la kweli, wenye mchezo walikubali jambo hili kwa hekima. Mashine inahesabu alama za ajali bila kuuliza kosa ni la nani. Magari yakigongana, aliyegonga anaandikiwa, na aliyegongwa anaandikiwa. Wengi wananung'unika kwamba si haki. Lakini matunda yake ni kwamba dereva mwenye akili anaacha nafasi hata pale ambapo haki ni yake. Na anayeona kwamba ametendewa vibaya makusudi, anapeleka mashitaka kwa wasimamizi. Halipizi kisasi barabarani.

Je, sisi wakristo si zaidi? Ni mara ngapi tumegongana kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki, na hakuna aliyeacha nafasi?

4. KAZI ILIYOVUNJWA NA UGOMVI

Kuna mchezo mmoja wa magari unaoitwa SuperTuxKart. Hauuzwi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kusoma maagizo yake, kuyageuza, na kuwapa wengine. Unatengenezwa na watu wa kujitolea. Habari yake inafaa kusomwa na kila mtu anayefanya kazi pamoja na wengine.

Mwaka 2000 fundi mmoja, Steve Baker, alianza mchezo wa mbio unaoitwa TuxKart. Mwaka 2004 kundi la watu wa kujitolea lilitaka kuuboresha. Walikuwa na nia njema wote. Lakini ugomvi ukazuka kati yao na mwenye kuanzisha. Kazi ikagawanyika, upande mpya ukapewa jina la SuperTuxKart, nao ukabaki ukiwa umelala, mchezo usioweza kuchezwa. Maarifa hayakukosekana. Kilichokosekana ni kuvumiliana.

Mwaka 2006 Joerg Henrichs aliokota kile kilichoachwa. Yeye pamoja na wengine walianza kusahihisha, mstari kwa mstari, mpaka mchezo ukasimama tena. Kazi iliendelea mwaka baada ya mwaka, na mwezi wa Aprili 2019 ikatoka toleo la 1.0, ambalo liliwawezesha watu kushindana kwa njia ya intaneti. Miaka 13 ya subira ilijenga juu ya magofu ya ugomvi.

Maandiko yanatupa habari iliyo karibu na hii. Katika Matendo, sura ya 15, mitume na wazee walibishana sana huko Yerusalema juu ya watu wa mataifa, lakini walisikilizana, wakapata neno moja, na kanisa likasonga mbele. Katika sura hiyohiyo Paulo na Barnaba waligombana juu ya kijana Marko, wakaachana, kila mmoja na njia yake. Sura moja, mabishano mawili, matunda mawili. Lakini habari haikuishia pale. Katika barua ya pili kwa Timoteo, Paulo mzee anaomba aletewe Marko huyohuyo, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Yule aliyekuwa sababu ya kuachana amekuwa msaada.

Kwa hiyo mtu asiseme: «Tumekwisha kugawanyika, hakuna la kufanya.» Yupo anayeweza kuokota. Swali ni moja: kati yetu, nani yuko tayari kuanza mstari wa kwanza?

5. UPENDO, AMRI, KAZI

Maneno haya matatu, ambayo kila mtoto wa kanisa anayajua, yanatosha kwa jambo hili lote.

UPENDO unasema: yule usiyemwona ni jirani. Kijana wa Goma au wa Ulaya anayeendesha gari katika kioo chako ana mama, ana machozi, ana Mungu aliyemwumba. Usimwambie kwa telefoni neno ambalo usingemwambia akiketi mbele yako.

AMRI inasema: usimshuhudie mwenzako uongo. Na kumwita mwongo mtu ambaye hujasikia upande wake ni kuwa karibu sana na kuivunja amri hiyo. Basi uliza kwanza: «Wewe uliona nini?» Maneno matatu tu, na hayagharimu mega.

KAZI inasema: badala ya kugombania mchezo uliotengenezwa na wengine, jifunzeni jinsi unavyotengenezwa. Tuna vijana wanaosoma informatiki. Wazazi, msiogope kila saa ambayo mtoto anaketi mbele ya kompyuta. Ulizeni anafanya nini. Anayepoteza usiku mzima kutukanana na anayepoteza usiku mzima kutafuta kosa katika mstari wa programu wote wawili watakuwa na macho mekundu asubuhi, lakini mmoja amejenga kitu. Na usiku wa sala na wa masomo uheshimiwe na wote wawili.

Kwa viongozi wa vijana tunashauri mambo machache. Ugomvi wa mchezo ukitokea, usikilizwe siku hiyohiyo, kabla jua halijatua. Kila upande useme alichoona, bila kukatizwa. Kosa la mashine liwekwe pembeni, na kosa la ulimi liwekwe pembeni. La kwanza lielezwe, la pili liombewe msamaha mbele ya yule aliyeumizwa. Na anayetukana kabila la mtu asiachwe kwa kusema «ni mtoto».

Basi jibu la swali letu ni hili. Mbio ni za kuchezea, ushindi wake ni wa kuchezea, hata aibu ya kushindwa ni ya kuchezea. Kesho asubuhi hakuna anayekumbuka nani alikuwa wa kwanza. Lakini tusi ni la kweli, kwa sababu anayelisema ni wa kweli, na anayelisikia ni wa kweli, na Mungu anayewasikia wote wawili ni wa kweli.

Mungu mwenye amani awalinde, aweke mlinzi mlangoni pa vinywa vyenu, na kuyabariki makao yenu. Amina.